Shahada ya mwigizaji ipatikane jukwaani

Kila mwaka maelfu ya vijana wa sekondari huingia katika vyumba vya mitihani wakajibu maswali juu ya watu ambao hawajapata kuwaona. Kwa miaka mingi wameulizwa juu ya Ngoswe, karani aliyetumwa kijijini kuhesabu watu akaishia kumtorosha binti wa mwenyeji wake, na juu ya mzee Mitomingi, ambaye kwa hasira alizitia moto karatasi za sensa. Wanafunzi hueleza dhamira na maudhui, hutaja methali na tashbiha, hupata alama zao, wakaenda zao. Mwalimu aliyewafundisha naye alifundishwa vivyo hivyo. Ni walimu wangapi wa Kiswahili katika nchi hii waliokwisha kuiona tamthiliya hiyo ya marehemu Edwin Semzaba, iliyochapishwa mwaka 1988, ikichezwa na waigizaji waliofunzwa kazi yao? Swali hilo halihitaji takwimu. Kila mwalimu anaweza kulijibu mwenyewe.

Mchezo wa kuigiza unaoishia kitabuni ni ngoma iliyowambwa isipigwe. Mwandishi wake ameacha humo nafasi tupu, tena kwa makusudi, ili zijazwe na sauti, mwendo, kimya na pumzi ya mchezaji. Kwa muda mrefu kufifia kwa michezo ya jukwaani kumelaumiwa juu ya uhaba wa kumbi, uchache wa fedha na nguvu ya filamu na televisheni. Lawama hizo zina ukweli wake. Walakini ipo sababu nyingine ambayo watu wa elimu, hasa wenye mamlaka ya kupanga masomo ya vyuo, hawana budi kuitazama, kwa kuwa iko mikononi mwao. Nayo ni namna mwigizaji anavyofunzwa anapofika ngazi ya juu ya masomo, baada ya shahada ya kwanza.

Mazoea yaliyoenea katika vyuo vikuu vingi vya Afrika ni haya: kijana mwenye kipaji husoma shahada ya kwanza akaonja kidogo kila kitu, uigizaji, uongozaji, maleba na historia ya sanaa. Anaporudi kutafuta shahada ya uzamili, hupelekwa maktaba. Huko huandika tasnifu juu ya tamthiliya za watu wengine, akanukuu wataalamu, akatetea hoja zake mbele ya jopo, akatunukiwa. Hakuna mwenye akili timamu atakayebeza utafiti. Tasnifu ya Penina Muhando ya mwaka 1983 katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, juu ya sanaa za jadi za Wakaguru kama chombo cha malezi, na ile ya Amandina Lihamba ya mwaka 1985 katika Chuo Kikuu cha Leeds, juu ya siasa na michezo ya kuigiza baada ya Azimio la Arusha, ni nguzo ambazo kila mtafiti wa leo anaziegemea. Lakini yafaa ikumbukwe kwamba akina mama hao hawakuisubiri tasnifu ndipo wapande jukwaani. Lihamba alikwisha kutoa Hawala ya Fedha mwaka 1980, kutokana na hadithi ya Sembène Ousmane wa Senegal. Muhando alitoa Nguzo Mama mwaka 1982 na Lina Ubani mwaka 1984. Mkono mmoja ulishika kalamu ya utafiti na mwingine ulikuwa kazini jukwaani. Waliowafuata waliiga mkono wa kwanza kwa urahisi zaidi kuliko wa pili.

Ngazi hiyo ya juu ina sura nyingine katika baadhi ya vyuo vya ng'ambo, na mfano ulio karibu na Waswahili ni wa binti wa Kenya. Lupita Nyong'o alisoma uigizaji katika Chuo Kikuu cha Yale, mjini New Haven, Marekani, akahitimu shahada yake ya uzamili mwaka 2012, baada ya miaka mitatu ya mazoezi. Mwaka 2009, alipokuwa mwanafunzi, ukumbi wa chuo hicho ulikuwa ukiandaa mchezo mpya kabisa uitwao Eclipsed, ulioandikwa na Danai Gurira, juu ya wanawake waliotekwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe nchini Liberia. Nyong'o alipewa kazi ya mchezaji wa akiba: ajifunze maneno yote ya mhusika, ahudhurie, angoje nyuma ya pazia, wala asitoke mpaka mwenye nafasi apatwe na dharura. Ni kazi isiyo na sifa wala makofi. Hata hivyo, mwaka 2014 alipokwisha kupata tuzo ya Oscar na milango ya filamu ikawa wazi mbele yake, aliurudia mchezo huo huo. Ulichezwa New York mwaka 2015, na mwaka 2016 ukapanda Broadway, ukawa wa kwanza kufika huko ukiwa umeandikwa, umeongozwa na kuchezwa na wanawake weusi watupu.

La kuzingatia hapo ni mpango uliomkutanisha mwanafunzi na maandishi mabichi. Umaarufu wa mtu ni jambo la pembeni. Katika chuo hicho, shule ya uigizaji na ukumbi wa maonyesho, ulioanzishwa mwaka 1966, ni jiko moja. Wachezaji wa kulipwa na wanafunzi hufanya kazi bega kwa bega. Wanafunzi wa uandishi wanapokaribia kuhitimu, tamthiliya zao mpya huonyeshwa hadharani, na wachezaji wake ni wanafunzi wenzao wa uigizaji. Mwigizaji hapewi shahada kwa kueleza namna mhusika anavyopaswa kuchezwa. Humcheza, watu wakamwona.

Mpango huo ulizaa matunda makubwa zaidi wakati shule hiyo ilipoongozwa na Lloyd Richards, kati ya mwaka 1979 na 1991. Richards ndiye Mmarekani mweusi aliyeongoza A Raisin in the Sun huko Broadway mwaka 1959. Kwa miaka mingi alisimamia pia mkutano wa kila mwaka wa waandishi wa tamthiliya katika jimbo la Connecticut, ambako miswada ilisomwa jukwaani na wachezaji wakiwa wameishika mkononi, bila mapambo, ili mwandishi asikie kilicho hai na kilichokufa katika maneno yake. Mwaka 1982 ulifika huko mswada wa August Wilson, mtu aliyeacha shule akiwa kijana mdogo na asiyejulikana na wengi. Ulikuwa Ma Rainey's Black Bottom. Mwaka 1984 Richards aliupandisha katika jukwaa la Yale, na sehemu ya Levee, mpiga tarumbeta mwenye hasira, akampa Charles Dutton, aliyekuwa amehitimu uigizaji hapo mwaka mmoja kabla. Dutton aliionja sanaa hiyo kwanza akiwa kifungoni. Mwaka huo huo mchezo ukafika Broadway, naye ndani yake. Kisha Wilson alileta tamthiliya nyingine, moja baada ya nyingine, nazo zilichezwa kwanza chuoni, zikakatwa, zikashonwa upya, ndipo zikaenda mjini.

Danai Gurira mwenyewe ni ushahidi wa upande wa pili. Alizaliwa Marekani, akakulia Harare, kisha akasoma uigizaji kwa shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha New York. Akiwa bado mwanafunzi aliona kwamba wanawake wa Kiafrika aliowajua hawamo katika michezo aliyopewa kujifunza. Yeye na mwanafunzi mwenzake, Nikkole Salter, wakaanza kujiandikia. Kazi hiyo ya darasani ikawa In the Continuum, mchezo wa wanawake wawili wanaogundua kuwa wana virusi vya UKIMWI, mmoja Zimbabwe na mwingine Los Angeles. Ulionyeshwa New York mwaka 2005. Mafunzo ya uigizaji yalimzaa mwandishi, na mwandishi huyo, miaka minne baadaye, akampatia mwanafunzi kutoka Kenya mchezo wa kujifunzia. Mnyororo huo wa kazi haukutokea kwa bahati.

Je, Dar es Salaam inapaswa kwenda kuomba mbegu New Haven? La hasha. Idara ya sanaa za maonyesho ya Chuo Kikuu ilianzishwa mwaka 1967, na mapema sana ilifanya jambo hili hili bila kuelekezwa na mtu. Ebrahim Hussein aliandika michezo yake ya mwanzo, Alikiona na Wakati Ukuta, akiwa kijana wa chuo hicho. Mwaka 1969 ikatoka Kinjeketile, juu ya kiongozi wa vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907, na mwaka 1971 ikatoka Mashetani. Penina Muhando naye alitokea katika madarasa hayo hayo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kikundi cha Paukwa, ambacho walimu wa chuo walishirikiana ndani yake, kilitunga mchezo wa Ayubu kwa pamoja, wachezaji wakiwa ndio waandishi. Wakati huo huo walimu wengine walikwenda Malya, mkoani Mwanza, wakakaa na wanakijiji, wakachunguza shida zao na kuziigiza pamoja nao. Yote hayo yalikuwa maandishi mapya yaliyotoka katika miili ya wachezaji. Kilichokosekana ni kuyafanya yawe kanuni ya masomo, yenye mtihani wake, saa zake na fungu lake la fedha, ili yasitegemee juhudi za watu wachache wenye moyo. Watu hao walistaafu, wengine wamefariki, na kanuni haikuachwa nyuma.

Huenda mtumishi wa ofisi ya mipango akauliza: mafunzo yenyewe hufanyikaje hasa, hata yahitaji miaka miwili au mitatu baada ya shahada ya kwanza? Jibu lake linapatikana katika chumba cha mazoezi, na wala si la siri. Siku ya kwanza wachezaji na mwandishi huketi mezani wakasoma mswada kwa sauti. Papo hapo hubainika kwamba maneno yaliyopendeza katika karatasi hayatamkiki, au kwamba mhusika anasema katika onyesho la pili jambo ambalo katika la kwanza hakulijua. Mchezaji huuliza: mtu huyu anataka nini kwa mwenzake, na kwa nini aliseme leo na si jana? Mwandishi asipokuwa na jibu, hurudi nyumbani na kalamu. Kesho yake huja na kurasa mpya, mchezaji akasahau alizozihifadhi na kushika nyingine, na pengine wiki inayofuata zikatupwa hizo nazo. Mchezaji aliyezoea michezo ya zamani huvunjika moyo katika hatua hii, maana amezoea kumwiga aliyemtangulia. Hapa hakuna aliyemtangulia. Mtu wa kwanza aliyemcheza Kinjeketile akitoka mkavu katika maji ya Rufiji hakuwa na mahali pa kuchungulia. Ilimbidi aamue mwenyewe, mbele ya wenzake, ikiwa mtu huyo anayaamini maji anayowapa watu au ameanza kuyatilia shaka. Uamuzi wa namna hiyo haupatikani kwa kusoma juu ya uamuzi.

Hufuata siku ya kuwaonyesha watu wachache mchezo usiokwisha. Mwandishi hukaa nyuma kabisa, si kuwatazama wachezaji, bali kuyatazama mabega ya watazamaji: wapi wanainama mbele, wapi wanaanza kukohoa. Kukohoa kwa watazamaji ni mhariri asiye na upendeleo. Baada ya hapo kazi huanza upya. Mwanafunzi aliyepitia mchezo mmoja wa namna hii kila mwaka, na mwandishi tofauti kila mara, hutoka akiwa na uwezo wa kumsaidia mwandishi yeyote mchanga wa nchi hii, awe Songea au Tanga.

Liko pia suala la lugha, nalo ni zito. Mazoezi ya sauti na matamshi yanayopatikana katika vitabu vingi vya uigizaji yametungwa kwa ajili ya Kiingereza, lugha ambayo mkazo wake huhamahama na irabu zake humezwa. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho na kuzitamka irabu zake zote kwa ukamilifu. Mwigizaji anayefunzwa kwa mazoezi ya Kiingereza huleta jukwaani Kiswahili kilichokatika pumzi, akapandisha sauti mahali ambapo mzawa angeishusha. Tena Kiswahili chenyewe si kimoja. Mchezaji wa Said Ahmed Mohamed hana budi kuisikia Pemba katika sikio lake. Jogoo Kijijini na Ngao ya Jadi za Ebrahim Hussein, zilizotoka mwaka 1976, zimejengwa juu ya sanaa ya mtambaji wa hadithi, na anayezisema peke yake mbele ya watu huhitaji pumzi na mwendo ambao hakuna kitabu cha London kitakachomfundisha. Mwandishi wa leo huandika Kiswahili cha vituo vya mabasi, cha simu za mkononi na cha vijana wa mjini, ambacho bado hakina kamusi wala kanuni ya jukwaani. Nani atakayeitafuta kanuni hiyo, ikiwa si mwigizaji na mwandishi waliofungiwa katika chumba kimoja kwa miezi kadhaa?

Wapo wanaodai kwamba mwigizaji huzaliwa, hafundishwi. Hoja hii ingekuwa na uzito kama ingetumiwa pia kwa waganga, mafundi na walimu. Wapo wengine wanaotaja fedha, na hao wanastahili jibu la heshima. Ni kweli kwamba Yale ina utajiri ambao hauna mfano hapa: mwaka 2021 ilipewa dola milioni 150 na mfadhili mmoja, ikaacha kuwatoza ada wanafunzi wake wa sanaa hiyo. Lakini vitu vinavyotumika katika chumba cha mazoezi ni meza, viti, karatasi na muda. Gharama isiyokwepeka ni ya kumlipa mwandishi kwa miezi anayokaa na wanafunzi, na hiyo ni ndogo ikilinganishwa na ya maabara moja.

Pingamizi la tatu ndilo gumu. Mhitimu huyo atakwenda wapi, ilhali hakuna kikundi cha taifa cha michezo ya kuigiza kinachomngoja kwa mshahara? Kikundi kilikuwepo katika miaka ya 1970, kikavunjwa. Mwaka 1981 ikaanzishwa Bagamoyo shule ya sanaa, ambayo tangu mwaka 2007 ni TaSUBa, wakala wa Serikali. Shahada peke yake haijengi ukumbi wala haiajiri mtu, na anayeahidi vinginevyo anawadanganya vijana. Hata hivyo filamu na tamthiliya za televisheni na redio, ambazo zina soko, zinalalamikiwa kila siku kwa miswada dhaifu na wachezaji wanaosema maneno bila kuyafikiri. Vyuo vya ualimu vinahitaji watu wa kuwafundisha walimu namna ya kuisimamisha tamthiliya darasani kwa miguu yake. Kazi ipo, ingawa haijapewa jina katika muundo wa utumishi.

Hapo ndipo watumishi wa umma wanapohusika moja kwa moja. Mhadhiri anayepandishwa cheo kwa makala za majarida pekee hawezi kulaumiwa anapowasukuma wanafunzi wake kuelekea maktaba. Ikiwa mchezo mpya, uliotungwa na kuonyeshwa mbele ya wakaguzi kutoka nje ya chuo, utahesabiwa sawa na makala, mambo yatabadilika katika muda mfupi. Yafaa pia iamuliwe mapema na kwa maandishi ni nani mwenye hakimiliki, madhali katika kazi za namna hii mchezaji huchangia maneno. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 ipo, na ugomvi wa marafiki juu ya kitabu kilichouzika haupendezi.

Na kumbi zipo za kuanzia. Ukumbi wa Bagamoyo uliteketea kwa moto mwaka 2002, na mahali pake pamejengwa mwingine mkubwa, kando ya bahari, mwendo wa saa mbili hivi kutoka Chuo Kikuu. Wanafunzi 8 wa uzamili na waandishi 2 wangeweza kuanza muhula mmoja kwa kusoma miswada miwili mezani Dar es Salaam, wakaenda Bagamoyo kuisimamisha, kisha wakaipeleka katika vyuo vya ualimu vya Morogoro na Korogwe, ambako wangekaa siku mbili mbili, usiku wakicheza na asubuhi wakijibu maswali ya walimu wanafunzi. Mitihani yao ingekuwa hiyo. Wakaguzi wangekaa miongoni mwa watazamaji kwenye viti vya bwalo la chakula, na mwandishi nyuma yao, penseli mkononi, akifuta.